Fidia Isiyopokelewa: Wameru na Mapambano ya Amani Dhidi ya Ubaguzi wa Rangi

Mhadhara kwa wanafunzi wa vyuo na wananchi, Arusha

  

Waandaaji wameniomba nizungumze juu ya wanafunzi na mapambano ya amani dhidi ya ubaguzi wa rangi. Mada hii ikitajwa, fikra za wengi hukimbilia Marekani: Greensboro, tarehe 1 Februari 1960, vijana wanne weusi wa chuo wanakaa kwenye kaunta ya chakula iliyotengwa kwa wazungu, wanaagiza kahawa, wananyimwa, nao hawaondoki. Ni habari kubwa na inastahili kufundishwa. Lakini zaidi ya miaka minane kabla ya siku ile, wakulima na wafugaji wa Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima huu tunaouona kila asubuhi, walisimama mbele ya serikali ya kikoloni bila mkuki wala rungu wakasema hapana. Wapo humu ukumbini vijana wanaoweza kueleza habari za Greensboro vizuri kuliko za Engare Nanyuki. Lawama si yao. Ni yetu sisi tuliowafundisha.

Kusudi langu leo ni moja. Nataka kuonyesha kwamba kesi ya ardhi ya Meru ya mwaka 1951 na 1952 ilikuwa mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi, na kwamba silaha yake kubwa ilikuwa kukataa: kukataa kuondoka kwa hiari, kukataa kupiga, na zaidi ya yote kukataa kulipwa. Nina hoja tano. Ya pili ndiyo nitakayokaa nayo sana, maana ndiyo isiyoeleweka vizuri.

1. Kesi ile ilikuwa ya rangi kabla ya kuwa ya ardhi

Tumezoea kuiita kesi ya ardhi, na jina hilo linaficha nusu ya habari. Migogoro ya ardhi ipo kila mahali, hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Iliyotokea hapa ilikuwa na sura nyingine.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, na Wajerumani wakalipiza kisasi kikali juu ya Wameru na Waarusha. Baada ya kuivunja nguvu ya wenyeji walianza kuigawa nchi. Kuanzia mwaka 1904 na 1905 waliwaleta Makaburu kutoka Afrika Kusini, wakawapa mashamba kuzunguka mlima. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza hawakuurudisha mduara ule wa mashamba kwa wenyewe. Mashamba yaliyokuwa ya Wajerumani yaliuzwa kwa walowezi wengine. Mmeru akabaki katikati. Juu yake msitu wa serikali, chini yake mashamba ya wageni. Vihamba vya migomba na kahawa vikajaa, watoto wakaongezeka, na ng'ombe wakakosa pa kulisha. Njia ya kupumulia ilikuwa kuzunguka mlima hadi nyanda za Engare Nanyuki na Leguruki, kwenye majani na maji yenye magadi ambayo mifugo huyapenda.

Ndipo ikaja tume ya Jaji Mark Wilson. Iliundwa mwaka 1946 kuchunguza ardhi ya wilaya za Arusha na Moshi, na ukiisoma dhamira yake utaona ilikusudia pia kupunguza msongamano wa wenyeji. Katika mapendekezo yake, hata hivyo, lilikuwamo hili: eneo la kati ya Kilimanjaro na Meru, upande wa Sanya, lifanywe ukanda mmoja wa walowezi wa Kizungu usiokatwa na makazi ya Waafrika. Engare Nanyuki ilikuwa ndani ya ukanda huo. Naomba mlitazame pendekezo hilo kwa makini, ndugu zangu. Pale hapakukusudiwa kujengwa bwawa wala reli. Sababu ilikuwa ramani ipendeze: rangi moja huku, rangi nyingine kule. Afrika Kusini, chama kilichoifanya siasa hiyo kuwa sheria za nchi nzima kiliingia madarakani mwaka 1948. Mapendekezo ya Wilson yalikuwa yamekwisha kuandikwa.

Mji wetu wenyewe ulipangwa kwa fikra hiyohiyo. Wazee wanakumbuka: Uzunguni kulikuwa na bustani na nyumba zilizopeana nafasi, Uhindini kulikuwa na maduka, Mwafrika alikuwa Kaloleni na Ngarenaro. Shule nazo zilikuwa tatu kwa rangi tatu. Arusha School ilijengwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu, watoto wa Kihindi walikuwa na yao, na mtoto wa Kiafrika alitazama shule za misheni kama Ilboru. Mtoto aliyekuwa akipita kando ya uzio wa shule asiyoruhusiwa kuingia hakuhitaji mtu wa kumweleza ubaguzi ni nini.

2. Kukataa kulikuwa tendo

Serikali chini ya Gavana Edward Twining iliwataka Wameru wahame, ikawaonyesha eneo jipya la King'ori, tambarare, na ikaahidi kulipa fidia na kutengeneza maji. Mangi Sante, mtawala wa Wameru, alibanwa akubali. Wananchi hawakukubali. King'ori kwao ilikuwa joto na malaria, lakini hata ingekuwa na mvua ya mwaka mzima jibu lao lisingebadilika, maana swali lilikuwa nani ana haki ya kumhamisha nani.

Tarehe 17 Novemba 1951 malori ya polisi yaliingia Engare Nanyuki. Watu walitolewa majumbani, vyombo vikawekwa nje, nyumba zikachomwa moto au kubomolewa, mifugo ikaswagwa. Kazi hiyo iliendelea hadi Desemba, mwezi ambao mahindi na maharage ya mvua za vuli huwa shambani. Watu wapatao 3,000 walipoteza makao. Wengi hawakwenda King'ori walikoelekezwa; walipanda mlimani kwa jamaa zao, nyumba ya familia moja ikabeba familia mbili au tatu.

Na hakuna polisi aliyepigwa.

Hapa nawaomba tusiende haraka. Kuna tafsiri ya uvivu inayosema Wameru hawakupigana kwa sababu walikuwa wapole, au kwa sababu Ukristo uliwalegeza. Historia yenyewe inaikataa. Mababu wa watu hao ndio waliopigana na Wajerumani mwaka 1896. Vijana wa mwaka 1951 walijua mkuki unatupwaje. Walichagua kutoutupa, na katika mazingira yale uchaguzi huo ulikuwa na akili nyingi. Kenya, ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini, ilikuwa inachemka. Hali ya hatari ilitangazwa kule tarehe 20 Oktoba 1952, na hofu ya Mau Mau ikavuka hadi jimbo letu, ambako Wakikuyu walikamatwa na kurudishwa kwao. Jiwe moja kichwani mwa askari lingewapa walowezi kisingizio walichokihitaji. Kesi ya watu waliochomewa nyumba ingegeuka kesi ya watu waliofanya ghasia, na hakuna baraza lolote duniani ambalo lingewasikiliza.

Lakini kutopiga ni upande mmoja tu. Upande wa pili ni ule wa fidia, na mimi naamini ndio uliokuwa mgumu zaidi. Fikirini hali ya baba aliyelala chini ya paa la shemeji yake, akiba yake imeungua, mtoto anakohoa, na kuna karani mezani mwenye pesa halali za serikali zenye jina lake. Anachotakiwa ni kutia dole gumba. Dole hilo likishatua kwenye karatasi, mambo yote yanabadilika: aliyefukuzwa anakuwa aliyeuza, na moto uliochoma nyumba yake unakuwa hatua moja katika biashara iliyokubaliwa na pande mbili. Wameru walilielewa jambo hili bila kufundishwa sheria. Wakaziacha pesa mezani.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama huo haukuwa ukaidi uliowaumiza wenyewe. Uliwaumiza, ndiyo. Familia zilizokuwa na ng'ombe wa kutosha zilianza upya kwa kuomba kipande cha kulima kwa ndugu. Sitaki mtu atoke hapa akidhani mapambano ya amani ni njia ya bei rahisi. Mpiganaji wa silaha hulipa gharama siku ya vita. Aliyekataa fidia hulipa kila jioni, anapotazama sufuria. Na ndiyo sababu naliita tendo. Kukaa kimya hakuhitaji nguvu kiasi hicho.

3. Walijipanga

Hili nitalisema kwa ufupi, ingawa nyinyi vijana mnapaswa kulishika kuliko yote. Kukataa kwa watu 3,000 hakutokei tu. Kulikuwa na koo na viongozi wake, washili, njia ya zamani ya kupitisha neno kutoka boma hadi boma ambayo serikali haikuweza kuifunga. Kulikuwa na Umoja wa Raia wa Meru, chama kilichokusanya senti za wananchi, wengi wao wakulima wadogo wa kahawa, ili zipatikane nauli na gharama za wakili. Na kulikuwa na vijana waliosoma: Kirilo Japhet, Rafael Mbise, Gamaliel Sablak na wenzao, waliojua Kiingereza cha serikali na waliojua pia kuketi chini wakawasikiliza wazee.

Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mtu mweusi wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Yeye na wenzake walishika kifundo cha kisheria ambacho wengine hawakukiona: Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Mwingereza alikuwa mdhamini aliyepaswa kutoa hesabu. Mwananchi aliruhusiwa kupeleka malalamiko moja kwa moja. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliopita Tanganyika mwaka 1951 ulikuta Wameru wamekwisha kuandaa maneno yao. Walipofukuzwa miezi michache baadaye, kila kitu kilikuwa kimeandikwa: nani, wapi, lini, nini kiliungua.

Vijana wangu, kabla hamjabeba bango, bebeni daftari.

4. Kura iliyoshindwa na nchi iliyoamka

Mwaka 1952 Kirilo Japhet na Seaton walifika New York. Kirilo, kijana aliyetoka kwenye vihamba vya Meru, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza yaliyowapata watu wake, na mwakilishi wa Uingereza alilazimika kukaa na kumsikiliza. Tukumbuke alikuwa katika nchi gani. Katika Marekani ya mwaka 1952 mtu mweusi wa majimbo ya kusini alikaa nyuma ya basi, na mtoto wake alikwenda shule yake ya peke yake kwa amri ya sheria. Na mwezi Juni mwaka huohuo Waafrika na Wahindi wa Afrika Kusini walianza kampeni yao ya kuvunja sheria za ubaguzi kwa makusudi na kwa amani, wakijaza magereza. Wameru hawakuwa peke yao, ingawa wengi wao hawakujua hivyo.

Baraza la Udhamini lilisikitishwa na jinsi watu walivyohamishwa, lakini halikuamuru warudishwe. Shauri likapelekwa kwenye Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na huko wajumbe wengi wakawaunga mkono Wameru. Lilipofika mbele ya Baraza Kuu lenyewe, Desemba 1952, azimio lilikosa theluthi mbili ya kura zilizohitajika. Kwa hesabu ya kura, tulishindwa.

Nimewasikia wasomi wakiishia hapo, kana kwamba historia ni matokeo ya mchezo. Mimi nasema tutazame kilichofuata. Kirilo aliporudi alizunguka akiwasimulia watu wa majimbo mengine. Wasukuma waliosikia habari za Wameru walitambua kwamba nao wangeweza kufanyiwa vivyo hivyo. Jambo la kabila moja likawa la Tanganyika nzima. Chama cha TANU kilipoundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954, Kirilo Japhet wa Jimbo la Kaskazini alikuwa mmoja wa waasisi. Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza lilelile la Udhamini kudai uhuru. Mlango huo ulikuwa umekwisha kugongwa na mkulima wa Meru. Nchi yetu ilifika uhuru bila vita. Kwa maoni yangu Engare Nanyuki ni mojawapo ya sababu kubwa, kwa kuwa watu walikuwa wameona kwa macho yao kwamba njia ya amani inaweza kumfikisha mtu mbali na kumwacha na heshima yake.

Na Wazungu wa ukanda ule? Mpango wa Wilson haukudumu. Leo Engare Nanyuki, inayoandikwa Ngarenanyuki, ni kata ya Wilaya ya Meru. Anayepita huko atakuta mashamba ya nyanya na vitunguu, ng'ombe wanaoshuka mtoni, na watoto wenye meno ya kahawia kwa sababu ya madini ya floraidi kwenye maji. Tatizo hilo la maji ni kubwa na linahitaji nguvu za vyuo vyetu. Lakini wanaoishi pale ni wenyewe.

5. Wanafunzi walirithi nini

Tarehe 1 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, sheria mpya ya elimu iliondoa mgawanyo wa shule kwa rangi. Ule uzio niliousema ukafunguka. Kizazi kilichoingia darasani bila kuulizwa rangi ndicho kilichojaza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka michache baadaye, na kazi yake tuiseme kwa haki, mazuri na mabaya.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana hadi kwa Mwalimu Nyerere kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Walikuwa wakitetea mishahara yao ya baadaye, na baadhi ya mabango yao yaliusifu ukoloni. Mwalimu aliwarudisha nyumbani. Mimi sioni fahari katika maandamano yale. Mkulima wa Meru aliacha pesa mezani kwa ajili ya haki ya wenzake. Msomi wa mwaka 1966 aliandamana ili pesa zisipunguzwe.

Lakini mwaka 1967 palepale chuoni kilizaliwa chama kingine, kile cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika kilichojulikana kama USARF. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, na mwalimu aliyekaa nao sana alikuwa Walter Rodney. Walisoma, walibishana, wakatoa jarida lao la Cheche, na baadhi yao walivuka kwenda kuona maeneo yaliyokombolewa na chama cha ukombozi cha FRELIMO huko Msumbiji. Chama hicho kilipigwa marufuku Novemba 1970, nami naona lilikuwa kosa. Hata hivyo hoja yao kwamba uhuru wetu ni nusu iwapo kusini mwa bara kuna ubaguzi haikufa. Baada ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, kuandamana Juni 1976 na kupigwa risasi, waliokimbia walipokelewa hapa kwetu. Shamba la mkonge la Mazimbu, Morogoro, lilitolewa kwa chama chao cha ukombozi, ANC, ili wajenge shule, nayo ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Na Desemba 1987 wajumbe kutoka pande nyingi za dunia walikutana hapahapa Arusha kujadili namna ya kuumaliza ubaguzi wa Afrika Kusini. Mji ambao ulikuwa na Uzunguni yake ukawa mwenyeji wa mkutano huo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, namalizia kwa kuangalia mbele.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku malori yalipoingia Engare Nanyuki sasa amepita miaka themanini. Wapo wachache bado, Ngarenanyuki, Leguruki, King'ori, na juu mlimani kwa jamaa waliowapokea. Kirilo na Seaton waliandika kitabu juu ya kesi hii, kikatoka mwaka 1967. Lakini wanawake waliopika kwa familia tatu kwenye jiko moja, na waliokuwa watoto wakichunga mifugo iliyoswagwa, hawakuandika. Tunayo nafasi fupi ya kuwasikia.

Kwa hiyo naviomba vyuo vilivyopo chini ya mlima huu vifanye kazi moja kwa pamoja. Kila mwanafunzi wa historia, sheria na maendeleo ya jamii apewe mzee mmoja wa kumsikiliza, kwa Kimeru au Kiswahili, amrekodi kwa ruhusa yake na aache nakala kwa familia na nyingine maktaba. Nyaraka za Umoja wa Mataifa kuhusu kesi hii zitafutwe na nakala zake zifikishwe shule za sekondari za Meru na Arusha. Walimu wa historia waifundishe kesi hii kabla ya Greensboro na Soweto, kisha waziweke zote tatu mezani, wanafunzi wazilinganishe wenyewe. Na ninyi washili mlio hapa, nawaombeni kwa heshima muwafungulie milango vijana hawa watakapokuja na madaftari yao. Waanze mwezi huu, kabla ya likizo.